Waya Wenye Uzi Mwekundu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako, na umfikishie shemeji zake. Goti lako linaendeleaje? Na kile kikohozi cha shemeji, ambacho kila mwaka anaapa kwamba ni vumbi tu? Natumaini nyote mnapumua vizuri na kwamba paa la jikoni limeshazibwa, maana mvua haingojei fundi seremala amalize visingizio vyake.

Huku mimi ni mzima. Lile jino limeng'olewa, miwani imebadilishwa, na pale kiwanda cha uchapaji bado naketi kwenye kiti kilekile nikisahihisha makosa ya watu wengine kwa kalamu nyekundu. Ukifika mwisho wa barua hii utaona kwamba kazi hiyo nilipewa kwa mzaha.

Hasira yangu nayo ni nzima, wala haijapungua hata chembe. Imehama nyumba tu. Ilikohamia nitakueleza, ila nakuomba jambo moja: usiruke kurasa. Nakujua unavyosoma barua, unaanzia mwisho kama mtu anayetafuta mfupa kwenye mchuzi. Leo fuata mstari kwa mstari.

Barua yako ya wiki jana nimeisoma hadi mikunjo yake imelegea. Umenishukuru kwa macho yangu makali. Umenieleza kwamba barua yangu uliisoma sebuleni mbele ya shemeji na kaka zake wawili, kwamba walitikisa vichwa, na kwamba shemeji alituma neno siku hiyohiyo: yule fundi simu asihangaike kuja kujitambulisha, mlango umefungwa. Umesema binti yako hakulia wala hakubisha. Anakwenda kazini kwake duka la dawa, anarudi, anapakulia watu wote, kisha anaingia chumbani. Ukaniomba mimi, mjomba wake, nimwandikie maneno mawili matatu ya kumtuliza.

Siku nne nimekaa nayatafuta maneno hayo, mimi ambaye maneno hayajawahi kuniishia, na sikuyapata. Nimepata haya badala yake, na ni yako kwanza kabla hayajawa yake.

Ulipoandika mara ya kwanza, ulisema kijana anafanyia kazi mji huu ninaoishi mimi, kwamba binti alimfahamu miaka ile miwili alipokuwa akisoma huku, na ukanituma nikamtazame. Usiulize majirani, ulisema, majirani huuza sifa za watu kwa jumla na rejareja. Katazame mwenyewe. Nikawaza kwamba mtu hajulikani kwa salamu yake, hujulikana akiwa na mizani mkononi. Kwa hiyo niliamua kwenda kwake kama mnunuzi wa kawaida, asiyejulikana, nione atanifanyaje.

Na simu nilikuwa naihitaji kweli. Ile yangu ya vitufe inapiga na kupokea, basi. Kule maktaba bado nanakili kurasa kwa mkono, na macho yangu unayajua. Nilitaka simu janja iliyotumika, ya bei ya mtu wa mshahara, niwe napiga picha kurasa za vitabu, kisha nizihamishie kwenye kompyuta yangu ya nyumbani ambako herufi naweza kuzikuza zikawa kama ngumi. Kompyuta yenyewe ni ile waliyoitupa kiwandani nikaiokota: ina feni inayosaga kama kinu, na ukiiwasha asubuhi una muda wa kuchemsha chai na kuinywa kabla haijafumbua macho. Nilichotaka ni simu itakayoelewana na bibi kizee huyo. Lingine lolote nilikuwa tayari kulisamehe.

Dada, mtaa ule wa simu ni aibu kwa ulimwengu! Vibanda vimebanana kama meno, simu zimelazwa chini ya kioo, na kila muuzaji ana kipaza sauti utadhani anagombea uongozi. Waliniita mzee, baba, bosi, mwalimu, na mmoja aliniita mkwe. Hakuna simu hata moja iliyokuwa imetumika. Zote zilikuwa za daktari fulani aliyesafiri, au za mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anapokelea salamu tu. Nilipouliza kama itaelewana na kompyuta yangu, wa kwanza alicheka akasema siku hizi kila kitu kiko hewani, kompyuta ya nini. Wa pili akaniapia kwamba simu na kompyuta ni kama mvua na bati, lazima vikutane. Wa tatu hakujibu kitu, aliivalisha simu kava jipya akaanza kuifunga kwenye mfuko. Hivyo ndivyo mnyonge anavyouziwa: hajibiwi swali lake, anapewa kava.

Kwenye kona ndiyo nikamkuta huyo wetu. Mtaa mzima wanamwita Fundi Polepole, na jina limemkaa. Ana meza moja, taa moja, kioo cha kukuzia kilichofungwa kichwani kwa mpira, na kompyuta ya kujaribia ambayo haizidi yangu kwa ujana. Yeye ndiye mtu pekee aliyeniuliza. Kompyuta yako ya mwaka gani, mzee? Ukiiwasha inaandika nini kwenye kioo? Matundu yake yako mbele au nyuma? Mteja aliyekuwa nyuma yangu alisema kwamba akisubiri huyu bwana amalize maswali, simu aliyoleta itakuwa imeshapitwa na wakati. Watu wakacheka. Fundi naye alicheka, na hakuongeza mwendo.

Alitoa simu tatu. Ya kwanza, alisema, ina kamera nzuri ila betri yake ni mgonjwa, itafika adhuhuri ikiomba maji. Ya pili ni nzima lakini tumbo lake dogo, picha za vitabu vyangu hazitakaa humo wiki moja. Ya tatu ilikuwa na ufa kwenye pembe, mwembamba kama unywele, akaniwekea chini ya taa niuone vizuri, kisha akasema ndiyo angenichagulia, kwa sababu amewahi kuijaribu na kompyuta za zamani na haina kiburi. Aliichomeka mbele yangu. Picha zikatokea. Akaichomoa akaniambia nifanye mwenyewe, nishushe kidole kutoka juu ya kioo, nichague mstari wa kuhamishia mafaili. Nikafanya. Alinifungia, akaweka na waya uliofungwa uzi mwekundu, akasema neno kuhusu waya ule, nikaondoka.

Haya yote sikukuandikia. Nilikuandikia kwamba ni mtu wa maneno laini, mpole kama anayetega mtego, na kwamba anaonyesha ufa mdogo ili usione shimo kubwa.

Nilipofika nyumbani nikachomeka. Simu ikaanza kunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka malishoni, lakini kwenye kompyuta, kimya. Nikashusha kidole kutoka juu ya kioo, ule mstari wa kuhamishia mafaili haukuwepo. Nikabadilisha tundu. Nikazima kompyuta nikaiwasha, yaani nikanywa chai ya pili na ya tatu. Kimya. Ndipo nikaona nimeelewa kila kitu: kompyuta yake pale mezani imetengenezwa kukubali, na simu imetengenezwa kudanganya, na mimi, mtu niliyesoma vitabu vyote hivi, nimechezewa kiini macho na mchumba wa mpwa wangu.

Unanijua nikiwaka. Kesho yake niliingia mtaa ule kama mdai. Sikungoja nifike mezani, nilianzia barabarani. Nilimwita tapeli, mwizi wa mchana, mganga wa vyuma. Nilisema watu wa aina yake ndio wanaomaliza mshahara wa fukara kidogo kidogo kama panya na gunia. Watu walikusanyika, na nikisema kweli, sauti yangu ilinipendeza. Baadhi walinijua, maana nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyu ni yule wa gazetini, yule wa makala ya Jumamosi, akisema jambo ujue ameshalichunguza.

Fundi alivua kioo chake kichwani akaniuliza swali moja, taratibu, kwamba nilitumia waya gani. Nikamjibu kwamba waya ni waya! Umati ukalipuka kwa kicheko, na mtu mmoja akaanza kuimba waya ni waya, wengine wakapokea. Akasema basi akifunga kazi atanifuata nyumbani aitazame hiyo kompyuta, bila malipo. Nikamwambia kizingiti changu hakikanyagwi na matapeli. Akafungua droo akanirudishia fedha zangu zote mbele ya watu, akaipokea simu, akaifuta alama za vidole vyangu kwa kitambaa.

Tazama sasa akili ya mtu mwenye hasira inavyofanya kazi. Angekataa kurudisha, ningesema ni mwizi. Alirudisha, nikasema ni mwizi aliyeshikwa. Hakuwa na njia ya kutoka, kwa sababu njia zote nilikuwa nimezijenga mimi.

Jioni ile nikakaa nikakuandikia zile kurasa tatu. Na baada ya jibu lako, nikiwa nimeridhika kama hakimu, nikaenda kununua simu mahali pa heshima: duka lile kubwa la milango ya vioo, lenye ubaridi na risiti na mlinzi anayekufungulia mlango. Wao pia wanauza zilizotumika, ila wanaziita zilizorejeshwa. Nikamwomba muuzaji mmoja mwenye tai anijaribishie na kompyuta. Akasema hawajaribishi. Nikauliza kasoro zake. Akasema hazina kasoro. Nikauliza ikinigomea je. Akanionyesha karatasi ukutani yenye maandishi ya kuwatesa sisimizi, akanisomea kwa ufupi kwamba ukinunua umenunua. Nikanunua, dada! Mimi niliyemfokea mtu aliyenionyesha ufa, nilimwinamia mtu aliyekataa hata kunijibu, kwa sababu alikuwa na tai.

Nikaifikisha nyumbani, nikapiga picha kurasa mbili tatu, nikachomeka. Ikanywa umeme. Kompyuta kimya.

Hapa ndipo nilipotaka kuimalizia barua hii. Ningeweza kukuambia kwamba basi, nikagundua kosa, kosa ni la kibinadamu, nisamehe, wasalaam. Nimeandika mwisho wa namna hiyo mara mbili nikauchana mara mbili. Ukweli ni mbaya zaidi ya hapo.

Jioni ile niliyokuandikia, kabla sijaifunga bahasha, nilivua koti na kitu kikaanguka sakafuni. Ulikuwa ule waya wenye uzi mwekundu. Ulikuwa umekaa mfukoni tangu siku niliyonunua, haujafunguliwa. Na pale pale, nikiwa nimeinama, nilikumbuka neno alilolisema fundi. Alisema: mzee, tumia huu, usitumie mwingine, nyaya nyingi za siku hizi ni za kuchajia tu, hazina njia ya kupitisha mafaili, na kwa nje zimefanana kama mapacha. Huu nimeujaribu mwenyewe, ndiyo maana nimeufunga uzi. Nilimsikia, dada. Masikio yangu hayana ubovu. Nilimsikia, lakini nilikuwa natazama viatu vyake nikitafuta la kukuandikia.

Waya niliotumia mimi ulikuwa wa taa yangu ya mezani, ile ya kuchaji. Niliutumia kwa sababu ni mrefu. Wake ulikuwa mfupi, ungenilazimu kupiga magoti chini ya meza kuifikia kompyuta, na mimi sikuona sababu ya kupiga magoti.

Simu nilikuwa nimeshamrudishia, kweli, lakini miguu nilikuwa nayo. Ningeweza kurudi asubuhi nikajaribu, au angalau kuizuia barua siku moja. Nilisimama na waya mkononi nikaitazama barua. Ilikuwa imekamilika. Ndani yake mlikuwa na sentensi ile ya ukurasa wa pili, ambayo najua mliisoma mara mbili kwa sababu niliiandika isomwe mara mbili: kwamba mtu huyu atamuuzia binti yetu maisha yaliyokwisha tumika na watu wengine. Nilikuwa nimeshaisomea ukuta kwa sauti. Ilikuwa tamu, dada. Saa ile niliipenda sentensi kuliko nilivyompenda mtoto. Nikauweka waya kwenye droo, nikaufunika kwa karatasi za zamani, nikaenda kuitia barua posta.

Kwa hiyo simu ya duka la vioo ilipokaa kimya kwa waya uleule wa taa, sikushangaa. Nilikuwa najua nitakachokifanya na nilikichelewesha kwa chai. Kisha nikafungua droo, nikakata uzi, nikapiga magoti chini ya meza, nikachomeka waya wa fundi. Kompyuta ikalia ting! Kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa tu. Picha zote zikatokea, zimejipanga. Sikuinuka haraka pale chini, na sababu haikuwa magoti.

Niliwakemea mawaziri kwa kusema bila kuchunguza. Niliwakemea mahakimu kwa kuhukumu bila kusikiliza. Kila Jumamosi, miaka kumi na tisa. Na nani alinikemea mimi? Hakuna, maana kalamu nyekundu ninaishika mwenyewe. Sasa umejua hasira yangu inalala nyumba ipi.

Asubuhi yake nilirudi mtaani. Nilimkuta ameketi kwenye meza tupu. Jirani zake walikuwa wamepata wimbo. Mteja akimkaribia wanaimba waya ni waya, na mteja anapitiliza. Siku kumi na moja za hivyo, kwa kazi ya ulimi wangu. Kwa kuwa nilimtukana kwa sauti, nikaona sina haki ya kumwomba radhi kwa kunong'ona. Nilisimama palepale barabarani nikapaza sauti kwamba mimi, yule wa gazetini, nilisema uongo juu ya mtu huyu, kwamba alinionya na sikumsikiliza, kwamba nilitumia waya wa taa. Mmoja akauliza kwa sauti kama waya bado ni waya, mzee? Nikamwambia hapana, na mjinga bado ni mjinga, mtazame hapa. Walicheka, na safari hii walinicheka mimi. Kilikuwa kicheko cha halali.

Kisha nikaketi nikamwambia fundi mimi ni nani kwa binti yako. Alikuwa anang'arisha kioo cha simu ya mtu, hakuinua kichwa. Akasema anajua. Alinijua tangu siku ya kwanza. Dada, mimi niliyejidhania mpelelezi, picha yangu iko gazetini kila Jumamosi na miwani hiihii! Tena binti alikuwa ameshamwonyesha picha yangu ya siku ile ya mahafali, nimeshika keki. Nikamuuliza mbona hakusema, hata nilipokuwa namvua nguo mbele ya watu. Akanijibu kwamba angesema ananijua kabla ya kuniuzia, ningesema anajipendekeza, na angesema baada ya kunirudishia, ningesema anaomba huruma. Basi akaona aniuzie kama anavyomuuzia mtu yeyote na anirudishie kama anavyomrudishia mtu yeyote, ili nikienda kusema, niseme nilichokiona.

Nami sikusema nilichokiona.

Nilimuuliza kama atatuma neno tena kwenu. Akasema mlango umefungwa na wazazi, yeye hana desturi ya kubisha hodi mara mbili kwenye mlango alioambiwa umefungwa, na kwamba hata kwa binti hajaandika neno juu ya mjomba, maana hataki kumgombanisha na damu yake. Binti hajui, dada. Anadhani mjomba wake alitazama kwa haki na akaona ubaya. Anawapakulia chakula akiwa anaamini hivyo.

Kwa hiyo hayo maneno ya kumtuliza sina. Nina ombi. Mwite shemeji, waite kaka zake walewale wawili, waketi sebuleni viti vilevile, na binti awepo safari hii. Wasomee barua hii yote, kwa sauti uliyosomea ile ya kwanza. Usiruke mahali nilipouona waya nikaufunika. Hapo hasa soma polepole. Baada ya hapo mkiamua kumkataa kwa sababu zenu, ni haki yenu, ninyi ndio wazazi. Ila msimkatae kwa sababu yangu. Na mkiamua kuufungua mlango, ufunguliwe na aliyeufunga, shemeji aandike kwa mkono wake, maana yule fundi hatabisha hodi tena.

Simu ninayoitumia sasa ni ile yenye ufa. Ilikuwa haijapata mnunuzi, na safari hii nilisikiliza maelezo yote, yakachukua nusu saa. Bibi kizee wangu anaelewana nayo vizuri. Lile duka la milango ya vioo limekataa kuipokea ya kwao, na nitawaandika Jumamosi kwa kuuza bila kumjibu mnunuzi. Kwanza nimeijaribu kwa nyaya tatu, kisha nikampelekea fundi aijaribu kwa ya nne, nisije nikawasingizia kasoro isiyokuwepo.

Ndani ya bahasha hii nimefunga ule waya wa taa. Mpe binti. Mwambie ni wake, auweke mahali anapoweza kuupata haraka, na siku yoyote atakayonisikia nimeanza kumsema mtu kwa sentensi nzuri, auweke mezani mbele yangu bila kusema kitu.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, nisalimie wote wanaoniulizia, na wale waliokwisha acha kuniulizia nisalimie zaidi. Utunze goti. Nangoja kalamu yako, hata ikija na matusi; nitayasoma hadi mwisho.

Mdogo wako, ambaye ulimpa jina hili akiwa na miaka sita na bado halijamtoka,

Moto wa Mabua